Karibu, Mgeni

Kila mlango wa mji ule ulijua kusema, na mwenye kadi ya chama tawala ulimwita Ndugu. Bi Tausi Mkondya, katibu wa umoja wa wafanyakazi wa reli, aliitwa hivyo na mlango wake miaka ishirini.

Siku moja mchana alisimama kwenye mkutano mkuu wa chama hicho, akawatazama wakubwa usoni. "Tumewapigia debe tangu hamna hata ofisi. Sasa jisafisheni, la sivyo debe hilo mtalipiga wenyewe." Wafanyakazi wa reli wakainuka wote, wakashangilia.

Jioni mlango wake ulisita kidogo. "Karibu, mgeni. Utakaa siku ngapi?"

Ndani, mumewe Kindamba alikuwa akipakua wali. Upawa ukamkwama mkononi. "Umesikia ulivyokuita?"

Kabla hajajibu, mlango wa jirani ukamwambia mwenyewe, aliyekuwa akirudi kutoka mkutanoni, "Karibu, mgeni." Ukafuata wa ng'ambo, kisha mwingine, mpaka mwisho wa mtaa wa reli.

Bi Tausi akacheka kwa fahari, akavua viatu, akaviweka palepale pa siku zote.

"Pakua, baba. Tujaze sahani."

Nyuma yake mlango ulibaki wazi, ukingoja jibu.