Kinda Mwenye Mistari

Mzee Fakihi aliinama mbele ya tundu, akamnyooshea kidole kasuku wa kijani, wa aina ile ndogo, aliyetulia pembeni.

"Nipe huyu."

"Huyo keshakuwa mtu mzima, baba," alisema Bi Zeyana, mfugaji. "Kinda ni yule mwenye mistari mpaka juu ya mdomo. Yule ndiye atakayekuzoea."

"Ataishi miaka mingapi?"

"Hata kumi, akitunzwa."

"Ndiyo maana nataka huyu mzima. Mimi kumi sina."

Bi Zeyana alicheka, lakini akamtoa yule kinda na kumweka kwenye kiganja cha mzee. Alikuwa mwepesi kama ganda la yai, tena anatetemeka. Mzee akakunja vidole taratibu, kumkinga na upepo.

"Kwangu hatoki ndege bila jina la mrithi," alisema Bi Zeyana. "Nani atamchukua ukiondoka?"

Mzee alimpulizia kinda pumzi ya joto mpaka akaacha kutetemeka.

"Tunu. Binti yangu."

"Anajua?"

"Hatusemezani. Mwaka wa sita huu."

"Basi mpelekee amwone leo, angali kinda." Akamtia ndege kwenye boksi lenye matundu. "Akimkataa, nirudishie."

Mzee alilikumbatia boksi hadi kwenye mlango wa buluu aliokuwa ameapa hataugusa tena. Akainua mkono abishe hodi, mkono ukagoma. Ndani ya boksi kinda alikuwa akidonoa, ko, ko, ko. Mzee akaliegemeza boksi kwenye ubao wa mlango, akasubiri.

Huko ndani, kandambili zikaanza kuburuzika.