Bahari Aliyoifuta Velda

Velda Aruväli aliifuta bahari mara saba katika kitabu kile cha mashairi, na kila mahali akaweka mto. Hakuona kosa. Mshairi mwenyewe, mzee Saveli Oyogir, alikuwa mfuga kulungu katika misitu ya Siberia, na huko hakuna bahari.

Hakuna mtu Tallinn aliyejua lugha ya mzee. Yalikuja mashairi kumi na saba kwa Kirusi cha neno kwa neno, makavu kama orodha ya vifaa, na kazi ya Velda ilikuwa kuyatia uhai kwa Kiestonia. Nakala ya lugha yenyewe haikuletwa, na hakuna aliyeiulizia, maana nani angeisoma? Karatasi za namna hiyo hujaa makosa, na kila mfasiri huyasahihisha kimyakimya. Bahari ikawa mto. Mkate mweusi ukawa samaki mkavu.

Alikuwa ameishi kwa kazi hiyo miaka kumi. Kila shairi la watu wa kaskazini lilipita mezani kwake, na jina lake lilichapwa katika majarida yote ya fasihi, hata yale yaliyopelekwa mbali. Mashairi yake mwenyewe hayakuruhusiwa tena tangu mumewe Oskar, mlinzi wa mnara wa taa kisiwani Hiiumaa, alipokamatwa na kupelekwa kambi ya kukata miti. Oskar hakuwa mtu wa kalamu. Alizoea kumtania mkewe kwamba ushairi ni njia ndefu ya kusema jambo fupi.

Mwaka 1952 kililetwa cheti cha kifo cha Oskar, mistari miwili. Velda alikisoma, akakiweka kabatini, akaendelea kumenya viazi. Tangu siku hiyo moyo wake ulikufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Mashairi kumi na saba yalikuwa machache. Mhariri wake, Eerik Lepasaar, aliupima mswada kiganjani.

"Bibie, hiki hata nzi hakimuui," alisema. "Hebu kamtafutie mzee wako mengine."

Hakusema ayatafute wapi. Velda alirudi nyumbani, akatoa kwenye droo mashairi yake kumi na matatu, akampa Oyogir yawe yake.

Kitabu kilisifiwa. Mhakiki mmoja, mtu mgumu kuridhika, aliandika kwamba kuanzia shairi la kwanza hadi la mwisho ni pumzi ile ile moja. Velda alisoma hayo huku akinywa kahawa. Hakufurahi wala hakuhuzunika.

Kisha waandishi wakamwalika mzee Tallinn. Ilikuwa Oktoba 1960, mchana, na Eerik alikuwa anatokwa jasho ndani ya ukumbi wa baridi. Alimnong'oneza Velda kwamba mzee alisafiri na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Tartu, na huyo mwanafunzi alimsomea kitabu kizima kwa Kirusi ndani ya treni.

"Akihesabu tu, mimi na wewe tunakwenda kuosha chupa za maziwa," alisema.

Velda aliogopa. Bila tafsiri hakuwa na mkate, na hakuwa na mahali pengine pa kuweka neno lolote.

Baada ya hotuba mzee aliomba akae na mfasiri wake peke yao. Waliketi dirishani, kila mmoja na kahawa yake. Alikuwa mtu mfupi, mpole, na Kirusi chake kilitosha. Aliweka kitabu mezani.

"Mama, mimi nilituma kumi na saba," alisema. "Humu mna thelathini."

Velda alitazama kikombe. Alianza kuomba radhi, mzee akamkatiza.

"Sina neno na hayo mengine. Ni mazuri. Najua mtu anapokosa pa kusemea huazima jina." Mzee akasogea karibu. "Nina swali moja tu. Nisingeweza kuliandika, barua zinafunguliwa njiani. Bahari ilikwenda wapi?"

Velda akashusha pumzi. Hilo alikuwa na jibu lake. Alimweleza taratibu kwamba msituni kwao hakuna bahari, kwamba aliyeyaweka kwa Kirusi bila shaka alikosea, na kwamba yeye alisahihisha tu.

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Hata mimi nilimwambia hivyo, tumekaa kando ya moto nje ya kambi yao ya kukata miti. Nikamwambia, ndugu yangu, weka mto, jina ni langu, watu watanicheka. Akakataa kabisa. Akasema, 'Iache. Mke wangu ndiye atakayeyatafsiri, na akiiona bahari tu atajua ni mimi.'"