Upande wa Bakari

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, wa kwanza kurudi nyumbani alikuwa Mbaruku, aliyepigania serikali. Mdogo wake, Bakari, alikuwa ameingia msituni na waasi, na hakuna aliyejua aliko.

Bi Mize, mama yao, alimpakulia Mbaruku wali kwenye sinia lile lile ambalo ndugu hao wawili walizoea kulia chakula pamoja tangu utoto. Salima, mke wa Bakari, ndiye aliyepaswa kumnawisha shemeji yake. Alilitua birika sakafuni, akarudi kuegemea mlango. Huenda mikono ile ndiyo iliyomwelekezea mumewe bunduki. Mbaruku akajinawisha mwenyewe.

Alikula polepole kutoka ukingoni kwake mpaka katikati ya sinia, kisha mkono ukasita.

"Maliza, baba," mama alimwambia. "Umekonda mno."

"Nimeshiba, mama. Upande ule ni wa Bakari."

Bakari alizoea kumchekesha Salima kwa visa vya kaka yake, aliyekuwa akiuvuka mpaka huo wa katikati ya sinia kila siku kumwibia nyama. Sasa Mbaruku aliliokota pande la nyama alilolibakiza makusudi, akalisogeza ng'ambo, juu ya wali wa mdogo wake.

Salima akaondoka mlangoni. Aliliinua birika, akamnawisha shemeji yake kidole kwa kidole, kama anayemwosha mtoto. Kisha akalifunika sinia kwa kawa, akalijaza birika maji mengine na kuliweka kizingitini, likielekeza mdomo barabarani.