Kabati la Bibi Harusi

"Nani ataanza kunieleza, na nani ataanza kunidanganya?" aliuliza bwana mmoja, kizingiti hajakivuka vizuri.

Mafundi watatu wakaruka kutoka kwenye mbao walikokuwa wamejilaza. Mama mwenye karakana alishawaonya: leo anakuja msimamizi mpya, na kabati la bibi harusi lisipokamilika kabla ya jioni, yeye Mama anafunga karakana, kila mtu aende kwao. Mama mwenyewe hupokea wateja nyumbani kwake na kuwapiga kalenda hukohuko. Mafundi, wao wanajua mbao tu, wateja hawawaoni.

"Karibu, bosi," alisema Kipara, mkubwa wao. "Kabati limebaki kidogo."

"Kidogo nini?"

"Milango. Na droo. Na... mgongo."

Msimamizi aliyepita angefoka mpaka koo likauke. Huyu alivuta kigoda, akamuuliza kila mmoja kinachomkwamisha, akasikiliza. Kumbe Kipara anamsubiri Mrefu apige randa, Mrefu anamsubiri Msemaji apime, na Msemaji, ambaye hasemi, anasubiri penseli iliyo sikioni mwa Kipara.

"Mkubwa," bwana alisema kwa upole, "mpe mwenzako penseli."

Akacheka. Hata Kipara akacheka.

Kisha akavua koti, akashikilia ubao ukatwe. Fundi akikosea, alimvuta pembeni, wakanong'ona. Akipatia, alimsifu mpaka majirani wasikie. Mchana ukapita, hakuna aliyeulizia chakula. Mgongo ukakaa, droo zikateleza, milango ikafunga bila kupigwa teke.

Jioni Mama aliingia, akaliona kabati, akashika mdomo.

"Mama, huyu ndiye kiongozi!" Kipara alisema. "Tangu nizaliwe sijaona. Mwongeze mshahara!"

"Kiongozi gani? Msimamizi kanipigia simu asubuhi. Alichungulia dirishani, akawaona mnakoroma, akarudi zake." Ndipo Mama alipomwona bwana aliyejaa vumbi la mbao. "Baba wa bibi harusi! Jamani, nilikuwa njiani kuja kwako kukuomba wiki nyingine!"

"Mwezi mzima unaniambia kesho, mama," bwana alisema akivaa koti. "Leo nikaona nije kulisubiri hapahapa."