Dungu la Padri

Mathilde alipoona dungu limejengwa kando ya shamba, alifurahi: kumbe hata Ubelgiji watu hulinda mazao, kama kwao Kivu! Mahindi na soya alikuwa ameyapanda yeye, kibarua wa padri mmoja mstaafu. Lakini mbona padri havuni?

Akapanda ngazi achungulie. Padri alikuwa juu, kimya, bunduki mapajani.

Hapo kulungu akatoka msituni, akaanza kula soya. Mathilde akainua mikono amfukuze.

"Acha, maman," padri alinong'ona kwa Kiswahili cha Bukavu, alikowahi kuwa mmisionari, huku akiinua bunduki. "Huyu njo mugeni wetu. Ni yeye tulimupandia."

Kulungu akamtazama Mathilde, jani likining'inia mdomoni.

Viganja vya Mathilde, vingali na udongo wa palizi, vikakutana: pwaa! Kulungu akatimkia msituni.