Nafasi ya Boti

Fundi Masalu alimwaga chokaa juu ya udongo, mstari kwa mstari, kuonyesha banda la magari litakavyokaa. Hapa gari dogo, pale pikapu. Karibu na maji ilibaki tela ya boti, tupu, magurudumu yake yamemezwa na nyasi.

"Mama Nyamizi," alisema taratibu, "tusipoiwekea boti nafasi, kuta zitakaa mbali na ziwa. Zitadumu."

"Sikukuita uje kunipa pole, fundi. Ipimie boti nafasi yake."

Masalu akachukua utepe wa kupimia. Masika yaliyopita alikuwa miongoni mwa waliozunguka ziwani siku tisa wakimtafuta mume wa mama huyu, wakarudi na kasia moja tu. Aliipima tela, akamwaga chokaa.

Mama Nyamizi akaingia ndani ya mistari ile, akasimama mahali pa boti, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Hapatoshi. Ongeza futi mbili," alisema. "Baba Nyamizi akirudi amechoka hupaki kombo."

Fundi akainama, akachota chokaa nyingine. Aliongeza futi tatu, na upande unaotazama ziwa akauacha wazi, bila mstari.