Kidole Kisichosomeka

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jilala Ndaki alipita nyuma ya maduka ya Katoro, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Miaka yote alipita barabara kubwa.

Jana, mbele ya mtaa mzima, mwenyekiti Mama Kalisti alisoma karatasi ya polisi. Mjane mmoja wa Segese alidanganywa kwa ujumbe wa simu, akatuma ada ya mwanawe kwenye namba asiyoijua. Namba hiyo ilisajiliwa kwa jina la Jilala. Wachimbaji wenzake, ambao kwa miaka kumi na moja walimwamini ashike kamba wanaposhuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, walisogea pembeni.

"Kesho saa kumi utuoneshe kwamba una laini moja tu," alisema mwenyekiti. "Ukishindwa, kamba atashika mwingine, na wewe utaenda kituoni."

Raudha, wakala wa laini, alikuwa ameketi chini ya mwamvuli wake karibu na stendi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nisaidie, mwanangu. Nimeitwa mwizi."

Alimweleza kwa sauti ya chini, macho kwenye viatu vyake. Raudha alisikiliza hadi mwisho, mkono kifuani. "Jamani! Watu hawana haya." Akambonyezea namba ya kukagua usajili. Jibu likaja: laini tatu. Jilala aliijua moja tu.

"Hizi mbili tunazifuta sasa hivi. Weka kidole."

Mashine ikakataa. Akaweka tena, ikakataa. Mawe yalikuwa yameilamba mistari yote ya vidole vyake.

"Kidole gani hiki, babu? Kama kisigino!"

Jilala akacheka, mara ya kwanza tangu jana. "Hata siku ile uliponisajili, mwezi wa pili, nilikandamiza mpaka kikafa ganzi."

"Nakumbuka." Raudha alimfuta kidole kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto. Mara ya tatu mashine ikalia. "Moja hiyo." Akainama kwenye mkoba wake, akainuka. "Haya, tena. Kandamiza." Ikalia. "Na ya pili. Nenda kwa amani."

"Kiasi gani?"

"Kwako bure, babu. Ila usikague sasa, mtandao unachelewa. Jioni itakuwa imekaa sawa."

Alirudi kwa barabara kubwa, kofia mkononi. Alisalimia kila mtu, hata wale ambao hawakuitika. Nyumbani alivaa shati la kanisani.

Saa kumi kamili watu walikuwa wamejaa mbele ya ofisi ya mtaa. Wachimbaji walisimama upande mmoja, kamba imekunjwa miguuni mwao. Jilala hakungoja kuulizwa. Alimpa mwenyekiti simu yake kwa mikono miwili.

"Bonyeza wewe mwenyewe, mama, na usome kwa sauti. Nataka kila mtu asikie."

Mama Kalisti alibonyeza, akavaa miwani, akasubiri. Jibu likaingia. Alilisoma kimya mara mbili, akamtazama Jilala, kisha akalisoma kwa sauti.

"Laini zilizosajiliwa kwa jina hili: tano."